Dodoso peke yake halitakuambia kama wamejifunza

Mwalimu, umeuliza kama dodoso la mwisho wa muhula linatosha kuthibitisha kwamba kupunguza mihadhara na kuleta mijadala ya vikundi kumewasaidia wanafunzi wako. Halitoshi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye madarasa ya fizikia, Harvard: walioshirikishwa darasani walipata alama za juu zaidi, ila wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara ulionyooka. Kuhangaika na swali gumu humfanya mtu ajione haelewi.

Basi pima ujifunzaji wenyewe. Chagua mada moja tu, ile inayowaangusha kila mwaka. Wape maswali mafupi kabla ya kuifundisha, kisha mengine ya aina hiyohiyo wiki kadhaa baadaye. Usiishie kwenye alama (wengi huishia hapo). Soma majibu yaliyokosewa, moja moja. Ukikuta nusu ya darasa imekosea kwa namna ileile, umeshapata swali lako la utafiti.

Dodoso libaki, lakini badala ya "ulifurahia somo?" uliza "ulipotelea wapi?" Na kama unakusudia kuchapisha, omba kibali cha maadili, yaani ruhusa rasmi ya kufanya utafiti unaohusisha watu, kabla hujakusanya chochote.