Funga valvu, ongeza maji: matangi ya maji taka ya gari-nyumba

Mwaka wangu wa kwanza kwenye gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, nilifanya kosa ambalo bado nawaona wenzangu wakilirudia. Tulipata mahali penye bomba la maji taka, nikaunganisha mpira, nikafungua valvu ya tangi la choo na kuiacha wazi. Nilijiona nimepata ufumbuzi: kila kinachoingia kitajitokea chenyewe. Baada ya wiki tatu harufu ikaanza kupanda usiku hadi kitandani. Nikamulika tochi kwenye tundu la choo. Chini palikuwa na kichuguu cha kinyesi na karatasi, kimekauka juu na kupasuka nyufa, kimepanda hadi karibu na shingo ya bomba.

Valvu ikiwa wazi, maji hukimbia na kuacha kinyesi na karatasi nyuma. Tangi lile ni sanduku pana la plastiki lenye sakafu karibu bapa, hakuna mteremko wa kuvuta uchafu. Kinachouondoa ni maji mengi yanayotoka kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo valvu ya choo ikae imefungwa hadi tangi lifike angalau theluthi mbili. Siku ya kuondoka ikifika na bado halijafika hapo, jaza maji kwanza ndipo umwage.

Kichuguu changu kilinitoa jasho. Nilifunga valvu, nikajaza maji karibu tangi zima, nikayaacha usiku kucha, kesho yake nikaendesha gari ili maji yachezecheze ndani, kisha nikamwaga. Mara ya kwanza yalitoka maji machafu tu. Mara ya tatu ndipo niliposikia mporomoko mzito ukipita kwenye mpira, nikashukuru kwa sauti. Nakusihi usichokonoe kwa fimbo ya chuma. Ukitoboa plastiki au ukiharibu valvu, tatizo la siku tatu linakuwa la kubadilisha tangi.

Wakati wa kumwaga, vaa glavu, anza na tangi la choo, kisha fungua lile la maji ya sinki na bafu ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Ndiyo maana hata valvu ya tangi hili la pili naifunga walau siku moja kabla. Ukimaliza, funga zote mbili, halafu rudisha maji kwenye tangi la choo kabla mtu hajalitumia. Mimi naweka kama lita 15. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayozuia kichuguu kipya, kwa sababu kinyesi cha kwanza kikitua kwenye plastiki kavu kinaganda hapohapo. Kila anayekwenda haja kubwa naye ajaze bakuli maji kabla ya kukanyaga pedali ya kufungulia choo. Nyumbani kwangu hilo ni sharti, hata kwa wageni.

Naulizwa sana kuhusu dawa za kutia tangini. Zile za vimeng'enya na bakteria natumia na zinasaidia, ila hakuna dawa itakayofanya kazi ya maji. Klorini na formalini ziepuke. Zinaua bakteria wanaoozesha uchafu, na mahali ambapo maji taka yanaishia kwenye shimo lenye bakteria wake, unapeleka sumu huko pia. Klorini kali isitoshe inaharibu raba za valvu.

Karatasi ya chooni ipime mwenyewe: weka vipande viwili kwenye chupa ya maji, funga, tikisa kidogo. Ikimeguka vipandevipande, inafaa. Ikibaki nzima, usiitie tangini. Vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia vyote vinaenda kwenye ndoo ya taka, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kumwagwa chooni.

Taa zinazoonyesha tangi limejaa kiasi gani zitakudanganya siku moja. Kipande cha karatasi au utando wa mafuta ukinata kwenye sensa, taa inasema limejaa wakati ni tupu. Mimi nimefunga kiungo cha bomba kinachopitisha mwanga pale mpira unapoanzia. Nayaona maji yanavyobadilika rangi, nami nasuuza hadi yawe maangavu. Mpira wa kusuuzia uwe wake peke yake, usiguse kamwe koki ya maji ya kunywa. Na kama unajaza tangi huku valvu imefungwa, usiondoke hapo. Likifurika, yaliyomo yatapanda kupitia choo au bomba la hewa la paa.

Tangi la sinki watu hulidharau, lakini mafuta ya kupikia yakiganda humo yananuka kuliko choo. Sahani na sufuria zifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Gari likikaa muda mrefu bila kutumika, mwaga kikombe cha maji kwenye kila sinki na bafu, maana maji ya kwenye kona ya bomba yakikauka, hewa ya tangi inapanda ndani. Panda pia juu ya paa ukague bomba la hewa. Majani au kiota cha ndege vikiliziba, harufu itatafuta njia nyingine.

Kitu cha mwisho ninachokagua ni raba iliyo chini ya bakuli la choo, inayozuia maji ya bakuli yasivuje tangini na harufu isipande. Naipaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando hayafai, yanaivimbisha raba. Usiku naacha maji kidogo kwenye bakuli, na asubuhi, kabla ya kuweka chai jikoni, naenda kuangalia kama bado yamo.