Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kusikia Vilivyolala Kabatini

Barua za mwezi huu zinahusu uziwi unaokuja ukubwani na vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wengine mnaviita shimesikio. Tumeanza na ile inayotoka Tanga kwa sababu ndani yake yamo karibu yote yanayomfanya mtu avue kifaa na kukisahau.

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 68. Mwaka jana tulichanga ndugu wote tukamnunulia vifaa viwili vya kuvaa nyuma ya masikio. Alivivaa wiki mbili, akaviweka kabatini. Anasema vijiko vinamlilia kama kengele, na sauti yake mwenyewe anaisikia kama ameingiza kichwa mtungini. Tena hataki watu wamwone amekuwa kiziwi. Siku hizi hata barazani haendi. Tumshawishi vipi? – Binti wa kwanza, Tanga

Marahaba, dada. Kabla ya kumshawishi, mwaminini. Malalamiko yake mawili ya mwanzo si visingizio. Ni kasoro zinazojulikana na zinazorekebishika, na zisiporekebishwa, kumbembeleza avae ni kumbembeleza avumilie adha.

Tuanze na vijiko. Uziwi wa uzeeni huanzia kwenye sauti nyembamba: vyombo, ndege, karatasi, na herufi kama s, f, sh, t na k. Irabu ni nzito, kwa hiyo hubaki. Ndiyo maana mzee husema "nakusikia ila sikuelewi." Ukimwambia "fika," anapata i na a tu, halafu anabaki kukisia kama ulisema fika, shika, pika au sita. Hali hiyo humjia mtu polepole kwa miaka, na ubongo wake husahau kwamba vijiko vina kelele. Siku anapovaa kifaa, zote zinarudi kwa mpigo. Sehemu ya usumbufu huo huisha yenyewe kwa mazoea ya wiki chache. Lakini kama vijiko vinamshtua mpaka anakunja uso, hapo kifaa hakikuwekwa sawasawa: kikomo cha sauti kubwa kimeachwa juu kuliko sikio lake linavyostahimili. Sikio lenye uziwi huu halizipati sauti ndogo, ila sauti kubwa huliudhi kama linavyoudhika sikio zima, na pengine zaidi. Mtaalamu wa usikivu hukiunganisha kifaa na kompyuta akakishusha kikomo hicho, na kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mpelekeni na karatasi iliyoandikwa: vijiko, geti la bati, kilio cha mtoto, honi ya bodaboda. Ukimwambia mtaalamu "kinamsumbua," hana pa kuanzia. Ukimwambia "sufuria zikigongana kwenye karo," anajua aguse wapi.

Sasa ule mtungi. Tatizo liko kwenye kizibo, yaani ile sehemu inayoingia tunduni. Mtu anapozungumza, sauti yake hupita pia kwenye mifupa ya taya na kutikisa kuta za tundu la sikio, kisha hutokea nje. Tundu likizibwa, sauti hukaa humo ikivuma. Ziba masikio yako kwa vidole useme "mimi," utasikia anachosikia baba kutwa nzima. Dawa yake ni kutoboa kwenye kizibo tundu la kupumulia, kiasi cha milimita 1 hadi 3, au kukibadili kwa kikofia laini cha mpira chenye matundu, kama vipimo vinaonyesha bado anazisikia vizuri sauti nzito. Ikiwa sauti nzito nazo zimepungua sana, tundu kubwa litavujisha sauti na kifaa kitapiga mluzi, basi mtaalamu ataliweka dogo. Na kama kizibo kinachubua, asikivumilie. Kinasuguliwa palipo na ukali, au umbo la sikio lake linachukuliwa upya na kutengenezewa kingine.

Vifaa vikisharudi kutoka kwa mtaalamu, msimvishe kwa mara ya kwanza siku ya harusi. Siku 3 za mwanzo avae nyumbani, kwa muda wa saa moja au mbili asubuhi na muda huo huo jioni, mahali pa kimya, akiongea na mtu mmoja. Kila siku asome kitu kwa sauti dakika 10, iwe Qur'ani, Biblia au gazeti, ili aizoee sauti yake. Kuanzia siku ya 4 aongeze saa moja kila siku, na asikilize taarifa ya habari redioni kwa kiwango kinachowafaa wengine pia. Wiki ya pili aingie kwenye mazungumzo ya watu watatu wanne, mezani. Baraza, msikiti na soko vije baadaye, wiki ya tatu au ya nne. Avae vyote viwili, kwa sababu ubongo huchuja makelele na kujua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha masikio mawili. Kati ya wiki ya 2 na ya 4 arudi kurekebishiwa. Wengi hawarudi, na hapo ndipo vifaa vinapoishia kabatini.

Limebaki la aibu, na hili tunaliheshimu. Lakini angalieni kinachompata sasa. Mtoto anapita mbele ya baraza anasema "shikamoo" kwa adabu, yaani kwa sauti ya chini. Mzee anakosa sh na k, kinachomfikia ni mvumo tu, hajibu. Majirani hawasemi kwamba hasikii. Wanasema ana maringo, au amekasirika, au akili imeanza kwenda. Baba yako analinda heshima yake kwa kukificha kifaa, na heshima hiyo hiyo inapungua kila salamu inayopita bila kuitikiwa. Mwambieni hivyo, ila msimwambie mbele za watu. Na aseme mmoja, si kikao cha ukoo. Mwulize mazungumzo gani anayakosa zaidi: hotuba ya Ijumaa, simu ya mjukuu, bao? Lengo liwe hilo moja. Kama kuna mzee mwenzake anayevaa kifaa, mkutanisheni naye, kwa maana neno la rika lina uzito kuliko maneno ya watoto kumi. Na jamani, ile methali ya "sikio la kufa halisikii dawa" isitamkwe katika nyumba hiyo hata kwa utani.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 34. Kifaa changu cha nyuma ya sikio kinapiga mluzi nikivaa hijabu, na nikigeuza shingo nasikia mkwaruzo kama mtu anakunja gazeti. Nafikiria niwe nakiacha nyumbani. – Mwalimu, Unguja

Waalaykumu salaam, mwalimu. Usikiache. Tazama mgongo wa kifaa, pale juu panapokaa kwenye kona ya sikio, utaona vitundu viwili vidogo. Hizo ndizo maikrofoni. Kitambaa kikisugua hapo unasikia gazeti. Mluzi ni jambo lingine: sauti inavuja kutoka tunduni, inagonga kitambaa, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena, inavuja tena, na mzunguko huo ndio unaolia.

Kwa mkwaruzo, badili kitambaa kabla ya kubadili kifaa. Pamba laini au voili nyepesi, mkunjo mmoja tu juu ya sikio, hupitisha sauti vizuri. Vitambaa vigumu vinavyong'aa hukwaruza sana. Ile kofia ya ndani inayobana ndiyo mbaya zaidi, maana huvuta kifaa chini na kukilegeza kizibo. Vaa inayoishia nyuma ya masikio, au legeza sehemu hiyo. Pini ikae mbali na sikio. Mpangilio uwe kofia ya ndani kwanza, halafu kifaa, halafu miwani kama unayo, mwisho hijabu.

Kwa mluzi, vua hijabu ukae kimya, kisha tafuna kama unakula. Kikilia hata hapo, kizibo kimelegea na kitambaa hakina kosa. Tundu la sikio hubadilika umbo, hasa mtu akikonda, na kizibo cha miaka mingi hakimkai tena. Kama hakilii, mwombe mtaalamu akipime na kukipanga kifaa kisipige mluzi ukiwa umevaa hijabu vile vile unavyovaa darasani. Watu hupimwa kichwa kitupu, wakarudi kazini na mtandio, halafu kifaa kinalaumiwa.

Niko Mombasa. Kifaa changu kinafanya kazi asubuhi, saa nane mchana kinafifia, jioni kimekufa. Nimebadili betri mpaka nimechoka. – Msomaji, Likoni

Pole, ndugu. Shuku jasho na unyevu wa pwani kabla ya betri. Kikififia, kivue, utazame kwenye mwanga mrija unaopeleka sauti kutoka kwenye kifaa hadi kwenye kizibo kinachoingia sikioni. Ukiona vitone vya maji, hata kimoja, umempata mwizi. Kitone kimoja kinatosha kuziba njia ya sauti. Chomoa mrija na kizibo kutoka kwenye kifaa, puliza kwa kipira cha kupulizia hewa, wala si kwa mdomo, maana pumzi yako nayo ina unyevu. Kizibo na mrija peke yao huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, vikaachwa usiku kucha vikauke kabisa. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji wala spiriti, hufutwa kwa kitambaa kikavu. Mrija ukiwa mgumu na wa manjano umekwisha. Hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, na kwa joto la huko usingoje 6.

Usiku fungua mlango wa betri, toa betri, laza kifaa ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na chembe za kufyonza unyevu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu ni jamii hiyo hiyo, ila mara nyingi vinakufikia vimeshashiba. Tafuta zile chembe zinazobadilika rangi zikijaa, ambazo hukaushwa na kutumika tena. Usitumie mchele kufyonza unyevu, maana una vumbi linaloingia kwenye vitundu. Usikianike juani wala kukikausha kwa mashine ya saluni.

Betri nazo zina kanuni yake. Zile za duara hufanya kazi kwa hewa: bandua kibandiko, iache wazi kama dakika 3 hadi 5 hewa iingie, ndipo uifunge ndani. Ukiifunga papo hapo huanza na nguvu pungufu. Ikishabanduliwa inaendelea kuisha hata usipoitumia, na kurudishia kibandiko hakusaidii. Namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, hudumu wiki 1 hadi 2. Namba 312 ya kahawia siku 3 hadi 10. Ukitaka kujua kama kifaa ki hai, kiwashe ukifumbate kiganjani: kikilia mluzi ki hai, na tatizo liko kwenye mrija, kizibo au nta ya sikio. Betri zikae mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, au akaisokomeza puani au sikioni, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeagiza kikuza sauti cha bei nafuu mtandaoni bila kupimwa. Kuna ubaya? – Dereva, Dodoma

Upo. Kikuza sauti hukuza kila kitu kwa kiasi kimoja, ikiwemo injini yako, ilhali masikio yako huenda yamepungukiwa sauti nyembamba peke yake. Vingine havina kikomo salama. Na pengine huhitaji kifaa chochote: nta iliyogandamana hupunguza usikivu kwa kiwango kikubwa, na kuichokonoa kwa vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zinazo, na Kenya ipo Kenyatta. Sikio litatazamwa kwanza, kisha utapimwa kila sikio peke yake kwa sauti za hezi 250 hadi 8,000, yaani kuanzia nzito hadi nyembamba. Omba nakala ya mchoro wa matokeo yako. Waambie pia dawa ulizowahi kutumia, hasa sindano za gentamaisini, streptomaisini au amikasini, kwa kuwa zinaweza kuharibu sikio la ndani.

Kuna hali ambazo hazisubiri miadi. Usikivu ukipotea ghafla, kwa saa chache au siku hadi 3, hata sikio moja, ni dharura. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki 2 nafasi imepungua sana. Vivyo hivyo sikio linalotoa usaha, uziwi wa upande mmoja tu, kizunguzungu kikali, au uso kupinda.

Mama anakataa kifaa kwa kuwa eti kitafanya sikio liwe vivu. Sisi tunaishia kumpigia kelele. – Kitinda mimba, Nakuru

Hakilifanyi liwe vivu. Akikivua jioni huona kimya kimezidi kwa sababu sasa anajua alichokuwa anakosa. Sikio liko vile vile. Kinachozubaa ni ubongo unaokaa bila maneno. Tume ya jarida la tiba la Lancet inautaja uziwi miongoni mwa vihatarishi vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kuzuilika. Tusitie chumvi, hata hivyo: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 uliwafuata wazee 977 kwa miaka 3, na kwa jumla yao tofauti kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa haikuonekana. Ilionekana kwa kundi lililokuwa katika hatari zaidi, ambalo kasi ya akili kufifia ilipungua kwa asilimia 48.

Hizo kelele ziacheni. Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazokua, na hizo anazisikia tayari. Herufi anazozikosa hazikui, na mdomo unapinda asiweze kuusoma. Zima redio. Mguse bega au mwite jina kwanza, simama mbele yake hatua moja au mbili, mwanga ukupige wewe usoni, si yeye machoni. Sema taratibu kwa sauti ya kawaida. Asipopata neno mara mbili, usilirudie mara ya tatu, badili sentensi. "Leta sufuria" ikishindikana, sema "nataka kupika ugali, ile sufuria iko wapi?"