Glaida Isiyo na Mkia: Maswali Yenu Kuhusu Pua na Hewa Yenye Misukosuko

Glaida ya kuning'inia, yaani bawa la kitambaa ambalo rubani huning'inia chini yake, haina mkia. Nini kinaizuia pua isizame moja kwa moja?

Umbo la bawa. Ncha zimevutwa nyuma ya kitovu cha uzito, tena zimesokotwa kidogo ili zikabili upepo kwa pembe ndogo kuliko sehemu ya katikati. Pua ikizama, hewa huzikandamiza ncha kutoka juu. Nyuma inashuka, pua inanyanyuka.

Shida ni kwamba tanga ni kitambaa. Glaida za miaka ya 1970 zilipozama kupita kiasi, tanga lilipoteza umbo, likabaki linapepea tu, na chombo kikaporomoka bila kurudi. Marubani walikufa kwa njia hiyo. Ndiyo maana leo kuna kamba zinazotoka kwenye mlingoti wa juu hadi ukingo wa nyuma wa tanga, au vijiti vigumu ndani ya ncha, au vyote viwili. Katika hewa tulivu huwezi kujua kama vipo. Kazi yao huanza pale tanga linapotaka kulala.

Hewa ikichafuka kwa misukosuko mimi hupunguza mwendo, kama dereva kwenye barabara mbovu. Mwenzangu anasema nakosea.

Mwenzako yuko sahihi. Ukiruka polepole huku pua iko juu, bawa liko karibu kabisa na kuishiwa nguvu ya kukubeba. Hapo ukitoka ghafla kwenye mkondo mkali unaopanda na kuingia kwenye hewa inayoshuka, pua inaweza kuanguka kwa kasi ambayo bawa haliwahi kuizuia, na glaida ikapinduka kichwa chini.

Vuta upau wa kuongozea kifuani kiasi, uushike imara kwa mikono yote miwili. Glaida huongozwa kwa uzito wako. Ukirushwa juu hadi mkanda unaokuning'iniza ukalegea, uzito huo haufanyi kazi, na kilichobaki ni mikono yako. Lakini usikimbie ovyo. Kibandiko cha mtengenezaji kinaonyesha mwendo wa mwisho kwa hewa yenye misukosuko, nao ni mdogo kuliko ule wa mwisho kabisa.

Kamba ya kukaza tanga je?

Hewa ikichafuka, ilegeze. Ukiikaza unapunguza msokoto wa bawa, na msokoto ndio ulinzi wako. Usukani nao unakuwa mzito.

Nikishusha kidogo vile vijiti vya ncha, glaida itakwenda vizuri zaidi?

Huenda, na hilo ndilo linalowashawishi watu. Ila glaida ilipimwa na vijiti vikiwa kwenye kipimo cha kiwandani. Ukivishusha, unaruka na chombo ambacho hakuna aliyekijaribu. Mimi siwezi kukushauri hivyo.

Ikipinduka, nifanye nini?

Parachuti ya dharura, mara moja. Itazame, ishike, ivute, kisha itupe kwa nguvu kwenye nafasi wazi mbali na glaida. Kusubiri uone kama chombo kitajirekebisha ni kupoteza kimo unachokihitaji ili ifunguke.

Na nyuma ya mlima, upande usiopigwa na upepo, hewa huviringika kuelekea chini. Upepo ukiwa mkali, hewa hiyo inaweza kuishinda glaida yoyote, hata iliyofaulu vipimo vyote. Huko usiende.