Pikipiki iliyokuwa ikizima kona za kushoto tu

Kwa miezi miwili pikipiki yangu ilikuwa inazima kwenye kona. Anayeijua barabara ya Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, kwenye milima ya Usambara huku Tanzania, anajua kwamba pale kona ndiyo barabara yenyewe: kilomita 30 na ushee za kujikunja, ukuta wa mlima huku, bonde kule. Injini ilikuwa inakata ghafla kama redio iliyozimwa. Ukinyoosha usukani inarudi yenyewe, tena kwa mlio wa bunduki kwenye egzosi, kuku wa watu wanatawanyika.

Ni pikipiki ya Kichina, ya zamani, niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu. Injini yake ni ya mtindo wa Honda CG125, ile ambayo Wajapani waliitoa miaka ya 1970. Valvu zake zinasukumwa na vijiti badala ya kuendeshwa kwa cheni ya juu, ili ivumilie vumbi na wenyewe wanaosahau kubadilisha oili. Nami nilikuwa miongoni mwa hao wanaosahau, sitaki kudanganya.

Katika miezi hiyo miwili nilinunua plagi, nikanunua CDI (kisanduku kinachopanga cheche ya plagi), nikanunua koili (inayokuza umeme wa cheche hiyo) pamoja na kofia ya plagi. Kila fundi alikuwa na uhakika wake. "Mwalimu, hii CDI tu, huna haja ya kuhangaika." Nalipa, naondoka, siku mbili nzuri, kisha kona ya tatu baada ya Mombo, kimya. Vifaa vilivyotolewa niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilikuja kugundua baadaye kwamba vyote vilikuwa vizima.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni mzee mmoja wa pale Soni, mwenye banda la mabati na sanduku moja la spana. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumsimulia habari ya CDI. Akanikatisha.

"Inazima kona ya kushoto au ya kulia?"

Miezi miwili, mafundi wanne, hakuna aliyeuliza hivyo, wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikafikiri. Kushoto. Akaiweka kwenye stendi ya kati, akaiwasha, akaacha injini isage taratibu, akashika usukani kwa vidole viwili na kuuzungusha kulia mpaka mwisho. Ikaendelea. Akauzungusha kushoto. Ikazima. Akarudia mara tatu, bila haraka, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa.

Akafungua taa kubwa, akavuta fungu la nyaya linalopita kwenye shingo ya pikipiki, akachana tepu. Waya mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa umesagika ganda lake, shaba inaonekana, kijisehemu kisichozidi punje ya mchele. Kwenye pikipiki za aina hii waya huo ndio wa kuzimia: unatoka kwenye CDI unakwenda kwenye swichi ya ufunguo, na injini inazimika pale swichi inapouunganisha na ethi, yaani chuma cha pikipiki kilichofungwa kwenye hasi ya betri. Nikikata kona kali ya kushoto, nyaya zinavutika, ile shaba inagusa chuma cha fremu, na pikipiki inazimwa. Kifaa kibovu hakikuwapo.

Tangu hapo nimekuwa fundi wa pikipiki yangu mwenyewe, si kwa ujuzi mkubwa bali kwa daftari. Kabla sijashika spana naandika: imezima lini? Ya moto au ya baridi? Mvua au jua? Gia gani? Taa zilikuwa zinawaka? Ubovu wenye ratiba unapatikana. Usio na ratiba, mara nyingi ni wewe hujaangalia vizuri.

Ukishuku waya wa kuzimia, jaribio lake ni la bure: chomoa waya huo mweusi wenye mstari mweupe pale unapoingia CDI, kisha piga kiki. Ikiwaka na kukaa, ubovu uko kwenye swichi au njiani. Ila kumbuka kwamba sasa ufunguo hautaizima. Tia gia ya juu, shika breki zote mbili, achia klachi polepole mpaka ikate. Mara ya kwanza nilisahau hilo nikabaki uani na pikipiki inayonguruma, majirani wanacheka.

Mpangilio wa rangi za nyaya ni urithi wa Honda, na Wachina wengi waliufuata: kijani ni ethi, nyekundu inatoka chanya ya betri, nyeusi ina umeme ukishawasha ufunguo, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda kwenye koili. Ila pikipiki nzee imepita mikononi mwa watu. Yangu ilikuwa na kipande cha waya wa spika kwenye taa ya breki. Kwa hiyo amini mita kuliko rangi. Mita ya umeme ya bei ndogo kabisa inatosha, na ingeniokolea fedha za koili na CDI.

Nianze na betri, maana ndiyo inayosingiziwa sana. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, pandisha mzunguko kiasi: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi, na kununua betri nyingine ni kununua siku chache tu. Ikipanda kupita 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, imekufa. Utaona balbu zinaungua ovyo na betri inachemka.

Kisha ethi. Hapa ndipo ningependa ukae, kwa sababu ndipo pikipiki nzee zinapougua na hapaangaliwi. Stata yangu iliwahi kulia ta-ta-ta bila kuzungusha injini, betri ikiwa na volti zake zote. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, bonyeza stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye waya wa ethi au kwenye bolti zake. Yangu ilisoma zaidi ya volti 2. Kumbe aliyeipaka rangi fremu alipaka mpaka chini ya bolti ya ethi, akafunga juu ya rangi. Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikafunga, nikapaka grisi juu yake. Dakika kumi.

Viunganishi navyo vichomoe kimoja kimoja uviangalie. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, au plastiki iliyogeuka kahawia kwa joto, umeshapata kazi. Na waya uliokatika uunge kwa lehemu, uvike mpira. Kuusokota kwa vidole na kuzungusha tepu ni kujiwekea miadi na ubovu uleule wakati wa masika.

Kuangalia cheche: toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze igusane na chuma cha silinda hedi mbali na tundu lake, maana tunduni hutoka mvuke wa petroli. Washa ufunguo, piga kiki. Cheche nene ya bluu inayotoa mlio, sawa. Usiishike plagi kwa mkono. Umeme wa CDI nimeuonja, sihitaji tena.

Kwa petroli sitakaa sana. Ikizima baada ya dakika kumi na tano za safari kisha ikawaka ukipumzika, fungua kofia ya tangi; ukisikia inavuta pumzi, tundu la hewa limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Ikikubali kwenda kwa choki tu, jeti ndogo ya kabureta, kijitundu cha kupitishia petroli, imeziba. Isafishe kwa hewa na uzi mwembamba wa nailoni, usichokonoe kwa waya wa chuma ukaipanua. Fungua pia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, umwage kwenye kikombe cha kioo. Utashangaa maji yanayotoka.

Sasa injini yenyewe. Ikiwa cheche ipo, petroli ipo, na kiki imekuwa nyepesi mguuni, kompresheni imepungua. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki tena. Ikiwa nzito, ringi za pistoni zimekwisha, kwa sababu oili ndiyo imeziba pale. Ikibaki nyepesi vilevile, shuku valvu, lakini kabla ya kufungua hedi pima tapeti, yaani kijinafasi kinachoachwa juu ya valvu. Injini ikiwa ya baridi kabisa, pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya magineti imelingana, CG125 inataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Mimi nilikuwa nazibana kila zikipiga kelele kidogo, nikijisifu kwa ukimya. Zikabana mno, valvu zikawa hazifungi sawasawa, asubuhi napiga kiki thelathini. Siku hizi naiacha ilie kidogo.

Na kabla hujaambiwa konrodi (mkono wa pistoni) imekufa, kaza bolti zinazoishika injini kwenye fremu. Mlio wangu wa kutisha ulikuwa nati moja iliyolegea.

Wiki hii imeanza jambo jipya. Taa ya kijani ya frii, inayopaswa kuwaka gia ikiwa haijatiwa, inawaka nikiwa gia ya pili, lakini siku za mvua tu. Nimeandika kwenye daftari: mvua, gia ya pili, ikikauka inaacha. Waya wa swichi hiyo unapita chini ya kava la sproketi ya mbele, mahali pa tope na cheni, na sitashangaa nikikuta umechubuka na maji ndiyo yanaupeleka ethi. Jumamosi nafungua kava.