Kusakinisha programu uliyopakua kwenye Ubuntu

Ndugu, umeuliza kwa nini faili la .exe ulilopakua halifunguki kwenye Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows ilivyo). Faili hilo ni la Windows, ndiyo maana Ubuntu inalikataa. Hata ulibofye mara mia halitafunguka. Itafute kwanza programu yenyewe kwenye duka la programu la Ubuntu, ni salama zaidi. Ikikosekana, pakua toleo la .deb (faili la kusakinishia programu kwenye Ubuntu) kutoka tovuti ya watengenezaji, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda uliyolihifadhia, kisha andika:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Hiyo ./ usiisahau kabisa! Bila hiyo, apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu) italitafuta jina hilo kwenye hazina zake za mtandaoni badala ya folda yako. Ile sudo itakuomba nenosiri lako la kompyuta, na unapoliandika hutaona herufi hata moja. Usishtuke, linaingia, ukimaliza bonyeza Enter.