Kabla hujachukua fomu, mdogo wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayecheza ligi kuu, mtoto wa hapa hapa Ujiji, alinipigia simu saa nne usiku. Hakuzunguka. "Kaka, mkataba wangu ukiisha nataka kugombea udiwani nyumbani. Wewe ulishapita huko, nipe njia." Nilicheka, maana mimi sikupita. Niligonga mwamba. Ila nilimwahidi nitamwandikia, na nimeona niandike hapa wazi, kwa kuwa hayuko peke yake. Kila msimu ukiisha nasikia mchezaji mwingine anataka kuwa mheshimiwa.

Kwa wasionijua: nilicheza namba tisa. Nilianzia ndondo za Ujiji, nikachezea timu ya mkoa, nikafika daraja la kwanza misimu mitatu mpaka goti likakataa. Mtaani naitwa Wea. Wa rika langu mnaelewa jina lilikotoka. Mwaka 1995, nikiwa na miaka 11, redio ilitangaza kwamba George Weah wa Liberia amechukua Ballon d'Or, Mwafrika wa kwanza, na huku Kigoma, mwisho wa reli, kila mtoto mwenye mbio na kifua akageuka Wea. Septemba 1996 akaifunga Verona lile goli lake: wapinzani wamepiga kona, mpira umemkuta kwenye boksi la timu yake, Milan, akaanza kukimbia nao, huyu akapitwa, yule akapitwa, mpaka nyavuni upande wa pili. Sisi hatukuliona. Tulisimuliwa na mtu ambaye naye alisimuliwa. Nilikuja kuliona kwenye simu nikiwa baba wa watoto, na hadi leo nikiliangalia mwili unanisisimka.

Nalitaja kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mwaka 2020 nilichukua fomu ya udiwani ndani ya chama changu. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Mtaa mzima unanijua, nikipita na bodaboda watoto wanapiga kelele "Wea! Wea!", nani atanizuia? Nilidhani siasa ni lile goli la Verona: unauchukua mpira nyuma kabisa, unawapita wote peke yako, unashangilia.

Siku ya kura za maoni, yaani siku wajumbe wa chama wanapopiga kura kuchagua nani apewe tiketi, tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wagombea tisa kwenye benchi moja kama wanafunzi waliochelewa. Kila mmoja alipewa dakika tatu kujinadi, kisha maswali. Mimi niliingia nimevaa tracksuit ya timu ya mkoa. Nikazungumzia vipaji, nikaahidi uwanja, nikaahidi ligi ya kata. Vijana waliokuwa wanachungulia dirishani wakapiga makofi. Kumbe wa dirishani hawapigi kura.

Akasimama mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ile asilimia 10 ya halmashauri, fungu letu akina mama ni kiasi gani, na ukiwa diwani utafanyaje ili kikundi kilichokwisha andikishwa kisisubiri miaka miwili?"

Sikujua anazungumzia nini. Nikajibu kwamba nitaanzisha timu ya netiboli.

Hawakunizomea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Waliniangalia tu, kama mashabiki wanavyomwangalia mchezaji aliyepaisha penati, na mama akakaa chini taratibu akirekebisha kanga yake. Leo namjibu hata nikiamshwa usingizini: halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na jambo hilo liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018. Yule mama alilijua na mimi niliyetaka kukaa kwenye baraza la madiwani sikulijua.

Nilipata kura 5. Mpaka leo watu 19 wameniapia kwa nyakati tofauti kwamba walinipigia.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ikaletwa kwetu, Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika. Aliyekuwepo Kigoma siku ile hahitaji kusimuliwa: nyumba za wageni zilijaa, watu walilala kwenye mabasi. Simba walishinda 1-0, goli la Taddeo Lwanga. Mimi kabla ya mpira kuanza nilifanya jambo la ajabu kidogo. Nilisimama nikawa natafuta jukwaani nyuso za wale wajumbe wa kata yangu. Nilimwona mmoja tu, na yeye alikuwa anauza mayai ya kuchemsha.

Pale ndipo niliposadiki. Wanaokushangilia na wanaokupa tiketi ya chama ni watu wawili tofauti, na hawakutani. Nchini kwetu huwezi kuwaruka hawa wa pili, kwa sababu Katiba, ibara ya 67, inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Udiwani nao ni hivyo hivyo. Mgombea binafsi hakuna. Mwaka ule wa 2020 nchi nzima ilikuwa inataniana kwamba wajumbe si watu wazuri. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni najua wale wa kwangu walikuwa watu wazuri kabisa. Walikuwa hawanijui tu. Hawakuwahi kuniona kwenye kikao hata kimoja.

Basi nikarudi kumsoma Weah upya, safari hii si yule wa Milan. Aligombea urais wa Liberia mwaka 2005, mtu maarufu kuliko wote nchini mwake, aliyekuwa akiigharamia timu ya taifa kwa fedha zake mwenyewe. Duru ya kwanza akaongoza kwa kura 28 na ushee katika kila mia. Duru ya pili Ellen Johnson Sirleaf akamshinda. Walimshambulia sana kwa elimu, naye badala ya kununa akaenda kukaa darasani Marekani mpaka akapata shahada. Mwaka 2011 akakubali kuwa mgombea mwenza nyuma ya Winston Tubman, wakashindwa tena. Mwaka 2014 akagombea useneta wa Montserrado, akamshinda mtoto wa rais aliyekuwa madarakani. Urais aliupata uchaguzi wa 2017, akaapishwa Januari 2018. Miaka 12! Na hata huo wa 2017 aliupata kwa muungano wa vyama, mgombea mwenza wake akiwa Jewel Howard-Taylor, aliyewahi kuwa mke wa Charles Taylor. Mtu aliyefunga goli la kukimbia uwanja mzima peke yake, kwenye siasa alipiga pasi, akarudisha mpira nyuma, akakubali hata kukaa benchi.

(Akiwa rais, Septemba 2018, alicheza mechi ya kirafiki na Nigeria akiwa na miaka 51. Walifungwa 2-1. Sijui kwa nini habari hiyo hunifurahisha hivi. Mwaka 2023 wapiga kura walimtoa kwa tofauti ndogo sana, akampigia simu mshindani wake kumpongeza kabla hesabu za mwisho hazijatangazwa. Hapo nilimheshimu kuliko siku ya Ballon d'Or.)

Mfano wa karibu ni McDonald Mariga wa Kenya. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, yumo kwenye kikosi cha Inter kilichobeba mataji matatu mwaka 2010. Mwaka 2019 akagombea ubunge Kibra. Msimamizi wa uchaguzi alimkataa kwanza, kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye daftari la wapiga kura; alikuwa amejiandikisha majuzi tu. Kamati ya tume ya uchaguzi ikamruhusu. Matokeo: Imran Okoth wa chama cha ODM kura 24,636, Mariga 11,230. Nakuuliza wewe uliyenipigia simu: umejiandikisha wapi? Kama ni kule timu yako ilipo, huku unarudi kuwaomba watu kitu ambacho wewe mwenyewe hukiwezi, yaani kupiga kura kata hii. Daftari likifunguliwa, hamisha taarifa zako. Kazi ya nusu saa hiyo.

Na kadi ya chama ilipie ada. Mimi nilitakiwa kuonyesha stakabadhi, nikakimbilia kulipa ya miaka minne kwa mkupuo, kila mtu ofisini akijua maana yake.

Sasa fedha, maana najua una za usajili. Ukitangaza nia tu watakuja wapambe. Utawapenda. Watakuita mheshimiwa kabla hujajaza fomu, watakuambia "wajumbe 40 ninao mfukoni, kaka, nipe mafuta tu." Mmoja wa kwangu alikuwa na wajumbe 40, mwenzake 30, wa tatu 50, nikijumlisha walizidi hata ukumbi. Niliuza bodaboda yangu kwa ajili ya hao mabwana. Halafu kuna ile wanayoiita nauli ya wajumbe. Usiiguse. Takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliwahi kuhalalishwa kisheria, Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wakati wa kura za maoni hawalali. Tena ukweli mwingine ambao wapambe hawatakuambia: mjumbe anapokea kwa wote tisa. Ukitoa umefanana na wengine, na fedha imekwenda.

Usidanganywe pia na sharti la elimu. Sheria inataka kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Lakini mwombe diwani yeyote akuonyeshe kabrasha la kikao cha bajeti. Nilionyeshwa moja. Lilikuwa na majedwali ya vifungu vya matumizi, hoja za mkaguzi, bakaa ya mwaka uliopita, na linafika mkononi siku chache kabla ya kikao. Ukishindwa kulisoma utanyoosha mkono kupitisha usichokijua. Wewe kambini mna mchana mzima wa kulala na kucheza karata. Rudia mitihani yako ya kidato cha nne sasa, ukiwa bado unalipwa mshahara.

Kuna mlango mwingine ambao wachezaji wengi tunaudharau, uongozi wa mpira wenyewe. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Kombe la Afrika kule Lagos mwaka 1980, alikuja kuwa rais wa TFF, shirikisho letu la soka, tangu 2004 hadi 2013. Joel Bendera, aliyekuwa mmoja wa makocha wa timu ile ile, akaenda mbali zaidi: mbunge wa Korogwe Mjini, naibu waziri, mkuu wa mkoa. Jirani zetu wa Tabora Mjini walikuwa na mbunge, Ismail Aden Rage, ambaye wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa Simba. Hata Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya mwaka 2024. Chama cha soka cha wilaya kina vikao, kina kura, kina fitina kama kawaida. Ukijifunza kushindwa pale, hasara ni ndogo.

Mimi nilianzia chini kuliko hapo. Baada ya zile kura 5 niliingia kamati ya shule anayosoma mwanangu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka. Nikajifunza kuandika muhtasari. Nikaanza kuhudhuria mikutano ya mtaa, ya maji, ya taka, yote ile ya kuchosha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, mwalo wa Kibirizi ulikuwa na hasira na uvumi. Nilichofanya ni kuisoma tu ile taarifa yenyewe, kuipiga picha, na kukaa na watu kwenye mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu nikiwasomea: vyombo gani vinahusika, lini mwisho. Sikutatua njaa ya mtu. Ila yule mama wa dagaa alinikuta pale, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maswali mawili magumu, na safari hii nililijibu moja. Sasa akiniona haniiti Wea. Ananiita kwa jina langu.

Kama nitagombea tena? Mke wangu naye anauliza, huku akiiangalia bodaboda mpya.

Wewe mdogo wangu, jana umenitumia picha mbili za bango, moja na jezi na moja na suti, unataka nichague. Zifiche zote. Najua ligi imesimama na Jumamosi utakuwa nyumbani. Saa tatu asubuhi kuna mkutano wa mtaa, ajenda ni mfereji wa maji ya mvua na michango ya mlinzi. Njoo ukae nyuma, usiseme kitu. Na uje na kigoda chako, viti vya ofisini havitoshi.