Maswali na Majibu: Makaburi ya Wayahudi Yaliyotelekezwa Poland

Babu mzaa mama alizaliwa mji mdogo mashariki mwa Poland. Nataka kuona makaburi ya huko. Niende lini?

Mapema Machi au Novemba, miti ikiwa haina majani. Julai utakuta pori tu. Epuka Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi. Kabla ya safari, iulize halmashauri ya mji mmiliki ni nani na ufunguo anao nani. Mara nyingi ni jumuiya ya Wayahudi ya eneo hilo au FODZ, taasisi ya kuhifadhi urithi wao iliyoanzishwa 2002. Mwanamume avae kofia. Chomeka suruali ndani ya soksi, maana kupe wa huko huambukiza ugonjwa wa ubongo.

Naruhusiwa kufyeka?

Mmiliki akikubali, ndiyo. Ila kata usawa wa ardhi, using'oe. Kwa sheria ya Kiyahudi kaburi ni la marehemu milele, udongo wake haufukuliwi. Na mzizi ukivutwa waweza kutoka na mifupa na kuangusha mawe ya jirani. Hata shimo la nguzo ya uzio lisichimbwe kabla Tume ya Marabi ya Makaburi haijaulizwa. Visiki huchipua upya, kwa hiyo mtafute mwenyeji wa kufyeka kila mwaka. Bila huyo, fedha zako zitapotea.

Maandishi hayasomeki. Nisugue?

Usikimbilie brashi. Shika kioo pembeni ya jiwe, mwanga upite juu ya uso wake kwa mshazari: herufi zitajitokeza kwa kivuli. Piga picha hapo hapo. Mwaka huandikwa kwa herufi za Kiebrania zenye thamani ya namba. Mfano: tav 400, resh 200, samekh 60, jumla 660, ongeza 1240 upate 1900. Kama mwezi ni kati ya Tishri (Septemba au Oktoba) na mwisho wa Desemba, punguza mmoja.

Ukilazimika kusafisha, lowesha jiwe lote kwa maji matupu, kisha sugua kwa brashi laini ya nailoni kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa maji machafu yakitiririka kwenye jiwe kavu huacha michirizi. Jiki ni sumu kwa mawe haya: chumvi yake hubaki ndani, hukauka, hutanuka, na uso wenye herufi hubanduka. Brashi ya waya na mashine ya maji ya presha, kamwe. Jiwe la mchanga likilia utupu ukiligonga kwa kidole, liache.

Jiwe limeanguka. Tulisimamishe?

Hapana. Lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na unene wa 12 lina kilo kama 140. Huvunja miguu, nalo huvunjika. Andika lilipo, mwite fundi wa mawe ya kale. Akileta saruji, mkatalie: ni ngumu kuliko jiwe na hufungia unyevu ndani. Atumie chokaa.